Nani Anahesabu Mashine ya Mkono wa Tatu?

Sony inasema mashine yao ya gemu PlayStation 2, yaani PS2, iliuzwa zaidi ya milioni 160, tangu ilipotoka Japani Machi 2000 mpaka ilipoacha kutengenezwa mwanzoni mwa 2013. Hakuna mashine ya gemu iliyowahi kuuzwa kuliko hiyo. Switch ya Nintendo imeshavuka milioni 150 na ndiyo inayoikaribia.

Namba hiyo siipingi. Ninachosema ni kwamba ni ndogo. Kampuni huhesabu mashine mara moja, inapotoka kiwandani kwenda kwa wenye maduka, kisha kalamu inawekwa chini. Haihesabiwi tena ikitoka kwa kijana wa Manchester kuja kwa binamu yake Kisauni ndani ya shehena ya magodoro na vyombo vya jikoni. Haihesabiwi binamu akiiuza kwa mwenye kibanda cha gemu Majengo, wala kibanda kikifungwa ikaishia kwa fundi wa Mwembe Tayari aliyeinunua kwa bei ya chuma chakavu akaifufua. Mashine ile ile imelisha burudani nyumba nne na mtaa mzima, na kwenye daftari la Sony bado ni moja.

Wengi wetu Mombasa hatujawahi kuwa mnunuzi wa kwanza wa mashine ya gemu. Mimi nimecheza tangu enzi za PS ya kwanza, ile ya kijivu, na kila mashine niliyomiliki ilikuja na kovu la mtu mwingine: jina limechorwa kwa msumari chini, stika ya timu iliyoshuka daraja, kadi ya kumbukumbu yenye mchezo wa mgeni uliofika nusu. Sioni haya kwa hilo. Nataka tu ieleweke kwamba nikitoa maoni kuhusu gemu, mauzo na alama za wahakiki, nayatoa kutoka mwisho wa mnyororo, na huku mwisho mambo huonekana tofauti.

Chukua huu ubishi wa PS ya Sony na Xbox ya Microsoft. Jioni baada ya isha ukipita barazani kwetu utawakuta vijana wanarushiana namba za mauzo kama kwamba wana hisa huko. "Xbox ishakufa, yakhe, wauza ngapi?" Hakuna anayejua wauza ngapi, maana Microsoft iliacha kutangaza idadi ya Xbox inazouza mwaka 2015. Upande mmoja una tarakimu, wa pili una makisio, na sauti ndiyo inayoamua mshindi.

Mimi namba hizo nazisoma kwa jicho la fundi. Mashine iliyouzwa sana Ulaya na Uarabuni ndiyo itakayojaa hapa miaka mitano au sita baadaye, na mashine iliyojaa ndiyo yenye vipuri. Ukiharibikiwa na lenzi ya PS4, ile inayosoma diski, fundi anazo PS4 zilizokufa kwenye rafu, anafungua moja anakutolea. Wii U ya Nintendo iliuzwa milioni 13.56 tu dunia nzima. Ukiwa na Wii U Mombasa, na skrini ile ya mkononi ikapasuka, huna fundi, una pambo la sebuleni. Dreamcast ya Sega haikufika hata milioni 10, Sega wakaacha kutengeneza mashine mwaka 2001, na mimi mtaani kwetu sijapata kuiona hata moja. Kwa hiyo mtu akiniambia mauzo hayamhusu mchezaji, namwambia labda mchezaji wa huko, anayepeleka mashine yake dukani na risiti.

Risiti nayo ina hadithi yake. Xbox 360 ya mwanzo ilikuwa na ugonjwa wa taa tatu nyekundu. Joto linazidi, mashine inakufa, taa zinawaka kuzunguka kitufe. Julai 2007 Microsoft walikubali tatizo, wakaongeza dhamana ya ugonjwa huo mpaka miaka mitatu na kutenga zaidi ya dola bilioni 1 kugharamia. Vizuri sana kwa mwenye dhamana. Zilizoletwa huku zilikuwa za mkono wa pili, dhamana imebaki kwenye droo ya mtu Birmingham, na dawa yake mtaani ilikuwa kuifunika taulo ipate joto ndiyo "ijiunge tena". Ilijiunga, ikacheza wiki, ikalala moja kwa moja.

Lakini kinachonikera zaidi siku hizi ni bei, na sizungumzii bei ya hapa. PS2 ilianza Marekani kwa dola 299 mwaka 2000, ikashuka mpaka 199 mwaka 2002, na kufikia 2009 ilikuwa dola 99. PS3 ilianza na bei ya kutisha ya dola 599 kwa ile kubwa mwaka 2006, na miaka mitatu baadaye ikawa 299. Huo ndio uliokuwa utaratibu: mashine ikizeeka, inashuka. PS5 imeugeuza. Ilitoka Novemba 2020 kwa dola 499 ile yenye diski, ikapanda Ulaya na Uingereza mwaka 2022, na Agosti 2025 Marekani ikafika dola 549.99. Mashine ilikuwa na karibu miaka mitano na bado ikapanda bei!

Mtu atauliza, hilo lakuhusu nini wewe usiyenunua mpya? Lanihusu sana. Yule kijana wa Manchester huiuza PS4 yake pale PS5 inapokuwa rahisi. Isipokuwa rahisi, anabaki na PS4 yake. Akibaki nayo, shehena inakuja na magodoro matupu. Zilizoko hapa zinapanda bei kwa kuwa haziji nyingine, na mwenye kibanda anayetaka kubadilisha mashine nne zilizochoka anaahirisha mpaka mwakani. Halafu mtu anauliza mbona Mombasa bado tunacheza PS3.

Na mnyororo wote huo umeshikiliwa na kitu kimoja, diski. Juni 2013, kabla Xbox One haijatoka, Microsoft walitangaza kwamba mashine italazimika kuwasiliana na seva zao kila saa 24, na gemu za mkono wa pili zingewekewa masharti. Sony wakapanda jukwaani Los Angeles siku chache baadaye, wakasema gemu ya PS4 ukiinunua ni yako, unaweza kuiuza, kumwazima mwenzio, kukaa nayo milele, na ukumbi ukalipuka kwa vifijo. Wakatoa na video fupi ya kejeli kuonyesha namna ya kumwazima mtu gemu: Shuhei Yoshida, mmoja wa wakubwa wa PlayStation, anampa mwenzake Adam Boyes kasha la gemu mkononi, basi, imekwisha. Mwezi huo huo Microsoft wakarudi nyuma. PS4 ikauzwa zaidi ya milioni 117, na naamini ile video ya sekunde chache ilichangia.

Sasa angalia Sony hao hao. PS5 Pro ilitoka Novemba 2024 kwa dola 699.99, haina mlango wa diski. Ukiutaka unaununua kando. Na ule mlango wa kuchomeka, hata kwenye PS5 nyembamba ya 2023, mara ya kwanza unahitaji intaneti ili mashine iutambue. Nintendo nao, pamoja na Switch 2 ya Juni 2025, wameleta kadi ambazo ndani hazina gemu, zina ufunguo tu wa kukuruhusu uipakue. Angalau kadi hiyo unaweza kuiuza. Wanayokuuzia kwenye duka la mtandaoni huwezi kuiuza wala kumpa nduguyo iwe yake moja kwa moja, labda umpe na akaunti nzima.

Kwetu akaunti yenyewe ni ya kuazima. Kenya haimo katika orodha ya nchi za mtandao wa PlayStation, kwa hiyo kila unayemwona na PS4 Mombasa amejisajili kama mkazi wa London, Dubai au Johannesburg, na analipia kwa kadi za zawadi za nchi hiyo alizonunua kwa M-Pesa kutoka kwa mtu asiyemjua. Halafu uwe na diski ya Ulaya kwenye akaunti ya Marekani, utanunua nyongeza ya gemu na mashine itaikataa, kwa sababu nyongeza lazima zilingane na eneo la diski. Wenzetu wa kompyuta walionjeshwa kidogo Mei 2024, Sony walipotaka wachezaji wa Helldivers 2 wafungue akaunti za PlayStation, na gemu ikaondolewa sokoni Steam, duka la gemu za kompyuta, katika nchi zaidi ya 170 zisizo na huduma hiyo. Wachezaji wakachachamaa mpaka Sony wakaacha sharti lao. Nilicheka kidogo. Sisi wa mashine tumeishi hivyo miaka yote bila mtu kuchachamaa kwa niaba yetu.

Sasa wahakiki.

Siwachukii. Nawasoma, na wengine wanaandika vizuri sana. Ila alama ile moja, ya 84 au 91 kati ya 100, imepewa nguvu isiyostahili. Tovuti ya Metacritic ilianza 2001 kukusanya alama za wahakiki na kutoa wastani, na baadaye wenye kampuni wakaanza kulipana kwa wastani huo. Gemu ya Fallout: New Vegas ya 2010 ilipata 84. Waliotengeneza, Obsidian, mkataba wao ulitaka 85 ndiyo wapate bonasi. Kazi ya watu chungu nzima ikakosa malipo kwa alama moja, na alama hiyo huenda inatokana na mtu mmoja aliyeamka vibaya siku anayoandika.

Cyberpunk 2077 ndiyo iliyonimaliza imani. Desemba 2020 wahakiki walipewa toleo la kompyuta, nalo kwenye kompyuta nzuri lilikuwa gemu tamu. Wakatoa alama za juu. Walionunua la PS4 wakakuta watu wasio na nyuso, magari yanayodondoka kutoka hewani na mashine inayojizima. Baada ya wiki hivi, Sony wakaiondoa kwenye duka lao, haikurudi mpaka Juni 2021. Maana yake mhakiki hakudanganya. Aliionja sahani nyingine. Na sisi sahani yetu ni nyingine kila siku.

Mambo ninayotaka kuyajua kabla ya kutoa pesa, mhakiki haandiki. Je, gemu inacheza kutoka kwenye diski bila apdeti? Maana apdeti ya gigabaiti 40 kwa bando la simu ni chakula cha wiki. Wawili wanaweza kucheza kwenye skrini moja, au kila mtu akae kwao na intaneti yake? Stima zikipotea katikati, imehifadhi nilipofikia? Maandishi yanasomeka kwenye runinga ndogo ya inchi 24, au yameandikwa kwa ajili ya ukuta wa sebule ya mtu? Na swali kubwa: nikiichoka, kuna mtu ataninunulia? The Crew ya Ubisoft ilitoka 2014, ni gemu ya magari. Machi 2024 seva zikazimwa, na diski yake haichezi tena hata ukiwa peke yako chumbani. Sikuona mhakiki aliyekata alama kwa hilo mwaka 2014. Mimi ningekata.

Ninaye mhakiki ninayemwamini kuliko hao, na hana jina. Ni kibanda cha gemu.

Kile ninachokijua mimi kina mabati juu, pangaboi moja inayolia, runinga nne zimefungwa kwenye fremu ya chuma ili zisiondoke usiku, na benchi la mbao lililolainishwa na suruali za watoto. Pedi za kuchezea zimefungwa kwa nyaya kwenye meza. Sheria imeandikwa ukutani kwa kalamu nene: anayefungwa ndiye anayelipa. Kwa hiyo kila mechi ina pesa, na kila gemu inapimwa na mtu ambaye itamuuma ikiwa haiko sawa. Kipa akiachia mpira wa kijinga, hakuna anayeandika aya tatu kuhusu akili bandia ya mabeki. Kijana anasimama, anatoa sarafu, anamwambia mwenye kibanda: "Ami, hii gemu inaiba. Turudishie ile ya zamani."

"Mpya mwaitaka wenyewe."

"Tuliitaka. Sasa hatuitaki."

Na ya zamani inarudishwa. Ndiyo maana kulikuwa na miaka ambayo dunia ilishahamia kwenye PS4 na bado PES 2013, gemu ya mpira ya Konami, ilitawala vibanda vya kwetu, kikosi kimebadilishwa na vijana wenye kompyuta, diski imechomwa upya na wachezaji wa msimu huo. Wahakiki walikuwa wameshaisahau. Mwaka 2021 Konami walipoitupa PES na kuleta eFootball ya bure, ilizinduliwa katika hali mbaya mno hata ikaburuta mkia kwenye kura za watumiaji wa Steam, na vibandani haikukaa. Siku hizi naiona imerekebishwa na kuhamia kwenye simu za watoto, na huko inapendwa. Vibandani waliobaki wakashika FIFA, ambayo tangu 2023 inaitwa EA Sports FC baada ya EA, watengenezaji wake, na shirika la mpira kuachana. Watoto wanaendelea kuiita FIFA na wataiita hivyo mpaka wazeeke.

Mara moja moja sisi na wahakiki tunakubaliana. Tekken 3 ya PS ya kwanza, 1998, ina 96 kati ya 100 Metacritic, na kibandani ilikuwa na foleni mpaka barabarani. Tofauti ni kwamba wao walisifu michoro na mwendo. Sisi tulimpigia marufuku Eddy Gordo, mmoja wa wapiganaji wake, kwa kuwa mtoto yeyote aliyebonyeza vitufe ovyo na Eddy alimpiga mtu mzima aliyejifunza mikwaju mwezi mzima. Sijui mhakiki gani aliandika hilo, na ndilo jambo la kwanza mtu wa Majengo angekwambia.

Tukirudi kwenye mashine zenyewe, kuna adui mmoja ambaye hayumo katika jaribio lolote nililosoma, nalo ni hewa ya hapa. Mombasa kuna joto, unyevu na chumvi, kila siku, hasa ukikaa karibu na maji kama Mji wa Kale au Likoni. Mwambie fundi akufungulie PS4 iliyokaa hapa miaka michache, uangalie kabla hajaifuta. Feni imevaa vumbi lililolowana likawa kama ugoro. Skrubu za chini zina kutu ya rangi ya chai. Kwenye tundu la HDMI, la waya wa picha, vile vijino vidogo vya shaba vimeanza kuota ukijani. Pasti iliyo juu ya prosesa, ambayo kazi yake ni kupitisha joto kwenda kwenye chuma cha kupozea, imekauka mpaka inapeperuka ukiikwangua. Mashine haikuharibika, imekaangwa polepole. Fundi anasafisha kwa spiriti na brashi ya meno, anapaka pasti mpya, anarudisha, na ule mngurumo uliokuwa ukizidi sauti ya runinga unaisha. PS5 wameweka metali ya maji mahali pa pasti, na mafundi wengi wa mtaani hawapendi kuigusa, maana ikimwagika kwenye bodi inaunganisha visivyopaswa kuunganishwa.

Pedi nazo. Fimbo za pedi nyingi zinasoma mkao kwa kipande kidogo cha kaboni kinachosuguliwa. Kikilika, mchezaji anatembea mwenyewe bila kuguswa. Nintendo wameburutwa mahakamani Marekani kwa ugonjwa huo kwenye Joy-Con, pedi za Switch. Kinachoniudhi ni kwamba dawa ilikuwepo zamani: pedi ya Dreamcast ilitumia sumaku, ambayo haisuguani na kitu. Kibandani pedi ya kawaida haina maisha marefu, na mwenye kibanda anazinunua za kuigiza kwa dazeni kwa kuwa ya asili moja ni bei ya hizo zote.

Kwa hiyo ukiniuliza leo ununue nini na pesa zako ni za mahesabu, nitakwambia PS4, ile nyembamba, yenye diski. Usiichukue kwa kuiona imewaka tu. Nenda mchana, dukani kuwe na joto, ubebe diski yako unayoijua. Iingize na uitoe mara kadhaa, usikilize lenzi inavyoisoma. Cheza nusu saa nzima, muuzaji hata akikunja uso. Weka kidole kwenye fimbo za pedi bila kuzisukuma, uone kama menyu inatembea. Tikisa waya wa HDMI taratibu, picha ikikatika ujue tundu limechoka. Angalia kama mashine imebaki na akaunti ya mtu, na afute mbele yako. Akikwambia mlango wa diski hausomi lakini si neno, siku hizi watu wanapakua tu, mwambie apunguze nusu ya bei, akikataa shuka zako Digo Road kuna wengine.